Mtunzi au Malighafi? Lebo Huru, Roki na Nyimbo za Jadi
Mhadhara wa umma, Isiolo



Mjadala kuhusu lebo huru zinazooanisha roki ya andagraundi na muziki wa jadi wa Afrika umeendeshwa kwa muda mrefu kwa masikio peke yake. Mmoja husikiliza na kusema mchanganyiko umependeza. Mwingine husikiliza huohuo akalalamika kwamba mila imeharibiwa. Wote wawili huenda nyumbani bila kuuliza jalada limeandikwa nini. Hoja yangu leo ni kwamba lebo ya aina hii tuipime kwanza kwa karatasi zake, ndipo tuje kwenye sauti. Mwimbaji wa jadi ameingia studio akiwa mtunzi, mwenye jina, fungu na kauli, au ameingia akiwa malighafi ambayo mwingine ataikata, ataipanga na kuiwekea sahihi yake? Muziki mzuri unaweza kutoka katika hali zote mbili. Ndiyo maana sikio halitoshi kuwa hakimu.

Mfano ulio karibu nasi, na ambao Wakenya wengi hawaujui, ni bendi ya Extra Golden. Ian Eagleson, Mmarekani aliyekuwa akitafiti benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, kwa ajili ya shahada ya uzamivu, na mwenzake Alex Minoff walikuwa wanamuziki wa Golden, bendi ya roki ya andagraundi yenye makao Washington. Mwaka 2004 walirekodi jijini Nairobi pamoja na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa, na mpiga dramu Onyango Wuod Omari. Vyombo vyao vya kurekodia vilikuwa vya kubebeka mkononi. Jagwasi alifariki mwaka 2005, kabla matunda ya kazi hiyo hayajaonekana. Albamu ilitoka mwaka uliofuata, ikiitwa Ok-Oyot System, kwa lebo huru ya Thrill Jockey ya Chicago, iliyoanzishwa na Bettina Richards mwaka 1992. Ikafuatwa na Hera Ma Nono mwaka 2007 na Thank You Very Quickly mwaka 2009. Hata jina la bendi lina pande mbili: Extra imetoka Nairobi, Golden imetoka Washington. Nyimbo za Kijaluo na za Kiingereza zilikaa katika albamu moja, na waliozitia sauti walihesabika kuwa wanabendi. Hakuna aliyeandikwa kuwa mtoa huduma.

Kuna jambo jingine katika kazi hiyo linalostahili kutazamwa kwa makini, nalo ni muda. Katika miaka ya santuri ndogo, wimbo wa benga ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Msikilizaji aliinuka kugeuza santuri wakati ambapo gitaa lilikuwa limeanza kuchemka. Redio nayo ilitaka dakika zilezile chache. Lebo huru ya roki, ambayo haina tamaa ya kupigwa redioni kila saa, inaweza kuuachia wimbo nafasi ya kwenda hadi utakapochoka wenyewe. Kwa muziki wetu, uhuru huu ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa marudio katika ngoma za jadi ndiyo kazi yenyewe. Wanaume wanaopokezana ndoo kutoka chini ya kisima hadi kwenye birika la ng'ombe hawawezi kumaliza wimbo baada ya dakika tatu wakati mifugo bado ina kiu. Anayeukata wimbo huo ili utoshee mahali tayari ametunga kitu kingine, na ni haki aulizwe kwa idhini ya nani.

Tusiifanye Extra Golden kuwa malaika. Walipoalikwa Chicago mwaka 2006 katika tamasha la muziki wa dunia, Wakenya wa bendi hiyo walipata viza kwa msaada wa ofisi ya Seneta Barack Obama, na wakamshukuru kwa wimbo. Wamarekani wenzao walikuwa wanarudi kwao tu. Nusu ya bendi ilihitaji seneta ili ipande jukwaani. Usawa wa jalada haukufika uwanja wa ndege. Hata hivyo, usawa wa jalada ni kitu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mashabiki waliwachangia wanabendi waliokuwa Kenya, na albamu ya 2009 ikabeba shukrani hiyo kwenye jina lake. Mtu humchangia anayemjua kwa jina. Hakuna mchango uliowahi kukusanywa kwa ajili ya sauti isiyo na mwenyewe.

Upande wa pili wa hoja tunao hapahapa nyumbani, na haukuletwa na mgeni. Katika miaka ya 1970 Phares Oluoch Kanindo alikuwa mtayarishaji na mfanyabiashara mkubwa wa benga. Santuri zake zilivuka mipaka hadi kusini mwa Afrika, na nchini Zimbabwe wasikilizaji wakauita muziki wenyewe kanindo. Jina la mwenye lebo likawa jina la mtindo mzima. Simlaumu kwa kuuza; bila yeye, huenda magitaa yale yasingesikika kabisa mbali na Ziwa Victoria. Lakini angalieni kilichotokea: wapigaji waliohamishia mapigo ya nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, kwenye gitaa wakawa bidhaa, na mwenye nembo akawa chanzo. Basi wanaodhani kwamba hatari iko kwa Mzungu mwenye maikrofoni peke yake wamepunguza tatizo mno. Habari hiyohiyo inawajibu wanaolilia usafi wa mila. Benga, ambayo leo tunaihesabu urithi, ilizaliwa kwa kuchanganya chombo kilichotoka ng'ambo na mkono uliolelewa na nyatiti. Kuchanganya si kosa jipya.

Pingamizi zito zaidi ni hili: nyimbo za jadi hazina mtunzi, ni mali ya wote, kwa hiyo hakuna wa kuandikwa kwenye jalada. Ni hoja inayopendwa na wenye studio, na haishangazi, kwa kuwa inapunguza gharama. Lakini ushahidi wa jamii zinazoishi Isiolo unaipinga. Kwa Wasomali, mashairi mazito yanayoitwa maanso huhifadhiwa kichwani na kusafirishwa na wahifadhi, na desturi inamtaka mhifadhi amtaje aliyelitunga shairi kabla ya kulikariri. Kulikariri bila kumtaja mwenyewe ni aibu. Nyimbo za kazi, hees hawleed, zinazoimbwa wakati wa kunywesha ngamia au kutwanga, hazibebi sharti hilo. Hivi basi jamii yenyewe inajua kutofautisha chenye mtunzi na kisicho na mtunzi, na ilijua hivyo kabla ya sheria yoyote ya hakimiliki kuandikwa. Kwa Wasamburu vilevile, kiitikio ni cha kundi zima, lakini moran anayejitokeza mbele kujisifu anasema maneno ya kwake. Anayerekodi dakika kumi za wimbo kama huo na kuandika chini yake jina la kabila peke yake amefuta majina ambayo waimbaji wenyewe hawakuyafuta.

Wapo pia wanaosema roki ni kelele, na kelele itameza maneno. Hapa nakubali nusu. Muziki wa Wasamburu umejengwa juu ya sauti za binadamu zinazopishana, pumzi nzito ya kifuani, njuga na mruko. Ngoma ya kupigwa haimo. Ukiuwekea dramu kubwa kwa sababu tu Afrika inadhaniwa ni ngoma, umeonyesha kwamba hukusikiliza. Ila kosa hilo ni la mpangaji, si la roki. Bendi ya Duma ya Nairobi, ya Martin Khanja na Sam Karugu, ilitoa albamu yake mwaka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni muziki mkali kupindukia, wenye mayowe ya metali na mapigo ya mashine yanayokimbia. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, baadaye alianzisha lebo yake mwenyewe, HAEKALU, na mwaka 2024 akatoa humo The Adept, albamu aliyoitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal. Hakuna anayelazimika kuipenda. Mimi naona uzito wake uko hapa: kijana wa roki wa Kenya amehama kutoka kuwa msanii wa lebo hadi kuwa mwenye lebo, na anachokikumbuka amekichagua yeye. Mayowe yake hayajameza jina la mtu.

Kisha wanakuja wanaosema mkataba wa maandishi ni ugeni kwa pande zote mbili. Wazee hupeana neno, na andagraundi nayo ilijivunia kupeana mikono. Ni kweli. Lebo ya Touch and Go, pia ya Chicago, ilijulikana kwa makubaliano ya mdomo na kugawana faida nusu kwa nusu baada ya gharama kurudi, na kwa wengi utaratibu huo ulifanya kazi vizuri kuliko mikataba ya makampuni makubwa. Lakini bendi moja, Butthole Surfers, ilipotaka kuondoka na kazi zake, shauri lilifika mahakama ya rufaa, na mwaka 1999 bendi ikashinda: makubaliano yasiyo na muda maalumu yangeweza kuvunjwa. Ikiwa neno la mdomo liliwashinda watu wa nchi moja na lugha moja, litawezaje kumlinda mwimbaji wa Merti, hapa Isiolo, dhidi ya kampuni ambayo ofisi yake hataiona? Neno la mzee lina nguvu pale ambapo mvunjaji atakutana naye sokoni kesho.

Kwa bahati, msingi wa kisheria upo. Katiba ya 2010, ibara ya 11, inaliagiza Bunge kutunga sheria ili jamii zipate fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ikataka ridhaa ya wenyewe kwanza na kuzipa kaunti kazi ya kusajili. Udhaifu wake ni kwamba inaitazama jamii zaidi kuliko mtu. Jamii haina koo la kuimbia; anayeimba ni mtu. Pale fungu la mwimbaji na fungu la jamii yanapogongana, naona jina la mwimbaji litangulie.

Utaratibu wa kugawa tunao tayari. Kwa Waborana, kisima kirefu kina konfi, mwenye haki inayotokana na aliyekichimba, na kina abba herega, anayesimamia zamu za kunywesha. Konfi hamnyimi jirani maji, lakini hakuna anayejifanya hajui nani alichimba. Lebo inayotaka kurekodi wimbo wa kisimani ili iuweke juu ya magitaa inaweza kufuata njia hiyohiyo. Kwa ubeti wenye mtunzi, alipwe mtunzi au warithi wake, kwa jina. Kiitikio kisicho na mtunzi kilipe kisima: fungu lake liende kwenye kufukua mchanga na kukarabati birika. Na karatasi ya makubaliano, kabla ya kupelekwa kwa wakili yeyote Nairobi, isomwe kwa Kiborana mbele ya abba herega na wale wanaopanda ngazi na ndoo, ili atakayekataa akatae kabla maikrofoni haijawashwa.