UHAMISHO SI ADHABU



Katika futiboli ya Kimarekani kila mwalimu msaidizi hukabidhiwa kundi lake: huyu walinzi, yule washambuliaji. Kuanzia 1998 hadi 2006, John Harbaugh alisimamia vikosi maalumu vya Philadelphia Eagles, vile viingiavyo uwanjani mpira unapopigwa kwa mguu. Mwaka 2007 akahamia kwa walinzi wa nyuma, kwa cheo kidogo zaidi. Wapo ambao wangenung'unika. Mwaka 2008 Baltimore Ravens wakamkabidhi timu nzima, na tarehe 3 Februari, 2013 wakatwaa ubingwa kwa kuwashinda San Francisco 49ers 34 kwa 31.

Basi askari aliyetolewa doria akapelekwa ghalani asidhani ameadhibiwa. Lakini mkuu wake naye ana wajibu: amweleze sababu, ampe muda wa kujifunza. Kuwahamisha watu ovyo hakujengi kamanda, bali huvunja kikosi. Aijuaye kazi ya kila mwenzake ndiye awezaye kuwaongoza wote.