Mzizi, Mganga na Maabara

Mzizi wa dawa uchemshwapo, kinachonywewa si kitu kimoja. Ndani ya kikombe kile mna kemikali nyingi: moja hutibu, nyingine haina kazi, na nyingine huenda ikadhuru. Je, mwanasayansi huitambuaje ile iliyo dawa?

Tuchukue mfano wa mmea wa India uitwao kitaalamu Rauvolfia serpentina. Kwa karne nyingi mizizi yake ilitumiwa kuwatuliza wagonjwa wa akili na kuwatibu walioumwa na nyoka. Mwaka 1931 mkemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga humo kemikali aliyoiita ajmalini, kwa heshima ya tabibu Hakim Ajmal Khan. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha nchini Uingereza taarifa ya wagonjwa wa shinikizo la damu aliowatibu kwa mizizi hiyo.

Hata hivyo, fumbo lilibakia. Fuwele zilizokwisha kupatikana hazikuwa na ile nguvu ya kutuliza. Ilikuwa wapi? Watafiti wa kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, waliigeukia sehemu iliyosalia, yenye kunata mfano wa utomvu. Humo ndimo walimoipata reserpini, wakaitangaza mwaka 1952.

Kazi hii yataka subira. Mzizi hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa katika kimiminika kama methanoli. Maji ya dawa yapatikanayo hugawanywa mafungu, na kila fungu hujaribiwa. Lisilo na nguvu huwekwa kando. Lenye nguvu hugawanywa tena, mpaka ibaki kemikali moja safi. Ndipo hupimwa uzito wa molekuli yake na kuchunguzwa jinsi atomu zake zilivyoungana. Reserpini ina kaboni 33, haidrojeni 40, naitrojeni 2 na oksijeni 9. Mwaka 1956 Robert Woodward wa Marekani na wenzake walitangaza kwamba wameiunda maabarani.

Faida ya taabu yote hiyo ni kipimo. Mizizi miwili huweza kutofautiana kwa nguvu, lakini reserpini safi hutolewa kwa robo ya miligramu au pungufu kwa siku. Madhara nayo huonekana bayana: baadhi ya wagonjwa waliripotiwa kupatwa na huzuni nzito, na leo madaktari wengi hutumia dawa nyingine.

Afrika nayo ina jamaa wa mmea huo. Rauvolfia vomitoria wa misitu ya Kongo una reserpini katika mizizi yake, na msesewe, ambao gome lake Wachaga hulitia katika pombe ya mbege, ni wa jamii hiyo hiyo.

Lakini, msikilizaji, achimbaye mizizi yote huua mti. Biashara ya kimataifa ya ule mmea wa India sasa hudhibitiwa na mkataba wa CITES. Maabara haiwezi kuchunguza mti uliokwisha toweka, wala ujuzi wa mzee aliyezikwa nao.