Tairi za Pikapu ya Umeme: Tusome Ubavuni Kabla ya Kununua

Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa madereva, mafundi na maafisa wa ununuzi, katika karakana ya kaunti.

 

Najua mnajiuliza mtu wa habari anatafuta nini kwenye mambo ya tairi. Nimeletwa na aibu yangu mwenyewe. Katika jarida hili nilichapisha picha ya pikapu yetu ya umeme ikiwa na tairi mpya, ndefu, zenye meno makubwa ya matope, nikaandika kwamba sasa gari liko tayari kwa msimu wa mvua. Picha ilipendeza. Wiki mbili baadaye gari hilo lilipeleka chanjo kwenye zahanati ya mbali, safari ambayo kwa kawaida lilienda na kurudi kwa chaji moja. Siku hiyo halikufika nyumbani. Dereva wetu aliomba soketi katika shule ya upili iliyokuwa njiani, akakaa hapo hadi usiku. Bahati nzuri chanjo zilikuwa zimeshafika. Angekuwa anamrudisha mgonjwa je?

Fundi alipima betri, ikawa nzima. Kilichobadilika ni tairi.

Gari lilikuja na tairi za 265/65R17, saizi ambayo wengi wenu mnaijua kutoka kwa pikapu za dizeli. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. 17 ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi nzima ina kipenyo cha milimita 776 hivi. Sisi tuliweka 265/70R17. Kwa macho ni tofauti ndogo, tena rimu ni ileile, lakini kipenyo kinapanda hadi milimita 803. Hiyo ni zaidi ya asilimia 3.

Asilimia 3 hizo zina mambo yake. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi ya kompyuta ya gari inavyodhani. Kwa hiyo mita ikisoma kilomita 80 kwa saa, wewe uko karibu 83. Na safari ya kilomita 207 inaandikwa 200. Dereva anapanga chaji yake kwa hesabu ya uongo.

Kubwa zaidi ni yale meno. Tairi la matope ni zito na linaikokota barabara, na umeme mwingi unaishia hapo. Kampuni ya Rivian ya Marekani, inayounda pikapu za umeme, imewaambia wateja wake kwamba tairi zake za njia mbovu, za rimu ya 20, hupunguza masafa kwa asilimia 10 hadi 15 zikilinganishwa na zile za lami za rimu ya 21. Kwenye dizeli ungeongeza mafuta kituo kinachofuata, ukalalamika kidogo, ukaendelea. Kwenye umeme, huku kwetu, kituo kinachofuata huenda ni soketi ya mwalimu mkuu.

Sisemi madereva wa wadi za matope walikosea kuomba tairi zenye mshiko. Barabara zenyewe nimezipitia, na nimesukuma gari huko nikiwa na viatu vya ofisi. Ninachosema ni kwamba mshiko unaweza kupatikana kwa saizi ileile ya gari, ukichagua meno ya wastani. Na ikilazimu kubadili saizi, tusitoke nje ya zile zilizoorodheshwa kwenye kitabu cha gari, kisha tumwombe muuzaji wa gari airekebishe kompyuta, maana baadhi ya magari ya umeme yana sehemu ya kuiambia ni tairi gani zimevaliwa.

Sasa maafisa wa ununuzi, nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kufa. Baada ya saizi kuna namba nyingine, kama 112S. Herufi S ni kasi ya juu, kilomita 180 kwa saa. 112 ni uzito: tairi moja inabeba hadi kilo 1,120. Ikiandikwa 104 ni kilo 900 tu. Gari la umeme lina betri ya mamia ya kilo hata kabla hujapakia mfuko mmoja wa mbolea, na likipakiwa, tairi za nyuma ndizo zinazoumia. Tairi yenye namba ya chini itaingia kwenye rimu vizuri kabisa na itakuwa rahisi kwa bei. Halafu itapasuka kwenye mteremko. Namba hiyo isishuke chini ya ile iliyo kwenye stika ya mlango wa dereva. Kupanda inaweza.

Spea nayo iwe ya saizi hiyohiyo. Pikapu yenye mota mbele na nyuma haipendi magurudumu yasiyolingana.

Nimepitia fomu zetu za maombi. Nyingi zimeandikwa "tairi nne za pikapu", basi. Mwenye duka atakupa tairi nne za pikapu, na hana kosa. Kuanzia sasa tuandike namba yote, 265/65R17 112S, pamoja na aina ya meno. Na zikiletwa, fundi asome tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kabla ya kutia sahihi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi hiyo irudi ilikotoka.

Zile ndefu tumezivua jana. Picha nyingine nitapiga gari likirudi kutoka zahanati.