Nguzo Iliyopinda Milimita Nne

Tarehe 2 Oktoba 2020, katika duka la jumla mjini São Luís, Brazil, rafu ndefu zilizosheheni bidhaa zilianza kuporomoka, moja ikiiangusha nyingine. Mfanyakazi mmoja alifariki, wengine wakajeruhiwa. Mei 2016, kwenye ghala moja huko Shropshire, Uingereza, dereva wa foklifti alifukiwa kwa saa kadhaa na rafu zilizoanguka pamoja na shehena ya jibini. Huyo alitolewa akiwa hai.

Rafu ya paleti hubeba tani nyingi juu ya nguzo za bati lililokunjwa, ambalo unene wake ni milimita chache tu. Kinachoipa nguzo uwezo ni umbo lake na unyoofu wake. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya, EN 15635, hakimwachii mkaguzi kazi ya kukisia. Anaweka rula iliyonyooka ya mita 1 kwenye nguzo na kupima pengo. Nguzo ikipinda kufuata urefu wa rafu, kikomo ni milimita 5. Ikipinda kuelekea ndani ya rafu, ni milimita 3. Kwa hiyo milimita 4 zilezile hupita upande mmoja na kukataliwa upande wa pili, na huo wa pili ndio unaogongwa zaidi, kwani foklifti huja kutoka kwenye njia iliyo kati ya rafu.

Nguzo iliyozidi kikomo, lakini si zaidi ya mara mbili, hupewa rangi ya kaharabu: mzigo ukishashushwa, haupandishwi tena mpaka itengenezwe. Ikizidi mara mbili ni nyekundu, na rafu hushushwa papo hapo. Kiwango hicho pia kinataka awepo mhusika mmoja anayejulikana, rafu zitazamwe kila wiki, na mtaalamu azikague angalau mara moja kila miezi 12.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imeshamtwika mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake. Rula haigharimu kitu. Kigumu ni kupata habari za migongano. Dereva wa zamu ya usiku anaijua vizuri nguzo aliyoigonga. Akihofia kukatwa mshahara, ataondoka kimya, na mkaguzi wa kila wiki anaweza kuchelewa hadi siku sita.

Lipo pia suala la fundi wa kuchomelea. Kuikanda nguzo kwa moto na kuibandika kiraka huonekana nafuu (na kwa wiki ya kwanza ni nafuu kweli), ila joto huharibu chuma kilichokunjwa kikiwa baridi. Nguzo hubadilishwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Makala hii inapendekeza daftari la migongano liwekwe pale madereva wanapokabidhiana funguo za foklifti, liandikwe namba ya nguzo na saa, bila safu ya adhabu.