Mtoto Asiyevua Koti

 

Fungu letu la leo latoka katika Matendo ya Mitume, sura ya 10. Tunawasihi mlisome lote baadaye, mkiwa pamoja na watoto. Humo twakutana na Kornelio, akida wa jeshi la Rumi, aliyekaa Kaisaria pamoja na jamaa yake. Mara nyingi tunapolihubiri fungu hili twasema juu ya Petro na lile shuka lililoshuka kutoka mbinguni. Leo hebu tuitazame nyumba ya Kornelio. Huyu alikuwa askari katika nchi isiyokuwa yake. Alipelekwa huko kwa amri ya wakubwa wake, na watu wa nyumbani mwake walikuwa naye. Bila shaka wenyeji wengi hawakumpenda, maana jeshi lake ndilo lililoitawala nchi yao. Lakini nyumba ile ilikuwa na njaa ya kufundishwa, ikahitaji mwalimu.

Ndugu zangu, nyumba za namna hiyo zingaliko duniani. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, majeshi ya Uingereza na Marekani yalibaki Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1946, familia za askari zilianza kuruhusiwa kuwafuata. Mara swali likazuka: watoto hawa watasoma wapi? Miji ilikuwa imebomolewa kwa mabomu, na lugha ilikuwa ngeni. Basi waalimu wakaitwa kutoka kwao. Wamarekani walifungua shule zao za kwanza huko mwezi wa Oktoba 1946. Waingereza nao wakafungua zao mwaka 1947. Shule moja, iliyoitwa Prince Rupert, ilianza mwaka huo katika mji wa Wilhelmshaven, ndani ya majengo yaliyokuwa kambi ya wanamaji wa Kijerumani. Fikirini jambo hilo! Mahali walipofundishwa mabaharia wa vita, sasa watoto wanafundishwa kusoma na kuimba.

Wanajeshi wa Uingereza waliokaa Ujerumani kwa vikosi vizima waliondoka, na kazi hiyo ikafikia mwisho mwaka 2020. Hata hivyo shule za watoto wa askari wao zingaliko katika kisiwa cha Kupro. Wamarekani nao wana shule kama 160 za watoto wa askari, nyingine katika nchi yao, na nyingine Ujerumani, Italia, Japani, Korea na kwingineko. Waalimu wa shule hizi si askari. Hawavai sare wala hawashiki bunduki. Ni raia walioacha nyumbani kwao wakaenda kufundisha watoto wa watu wanaohamishwa.

Na watoto hao huhama kweli kweli. Mtoto wa askari wa Marekani, tangu aanze shule mpaka amalize sekondari, kwa kawaida huhama mara sita hadi tisa. Kwa sababu hiyo shule zao hufuata mafundisho ya namna moja kila mahali, ili mtoto akitoka Ujerumani kwenda Japani asipoteze njia katika hesabu zake. Lakini mafundisho ya namna moja hayawezi kumpa mtoto rafiki mpya, wala kumwondolea uchungu wa kumwacha yule wa zamani.

Wasikilizaji wapenzi, mwaka ule tulipokuwa masomoni Uingereza, tulikutana na mama mmoja mzee katika kanisa tulilokuwa tukiabudu. Alikuwa mwalimu aliyestaafu, na kwa miaka mingi alikuwa amefundisha watoto wa askari huko Ujerumani. Jioni moja baada ya ibada alitukaribisha chai, akatusimulia habari ya mvulana wa miaka tisa.

Mvulana huyo alifika darasani na koti lake, akakaa nalo siku nzima. Siku ya pili vivyo hivyo. Mfuko wake wa vitabu aliuweka miguuni, hakuutundika. Darasani mlikuwa na kulabu za makoti ukutani, lakini yeye hakuzigusa. Mwalimu alipomwuliza, akajibu kwa adabu, "Nitaondoka tu, mwalimu." Ile ilikuwa shule yake ya tano.

Mama yule hakumkemea. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika jina la mtoto kwa herufi kubwa, akakibandika juu ya kulabu moja. Akamwambia, "Hii ni yako siku zote utakazokuwa hapa, hata zikiwa tatu." Basi. Zikapita siku nyingi. Asubuhi moja koti likaonekana limetundikwa.

Kisha yakaja majira ya vuli ya mwaka 1990. Jeshi la Iraki lilikuwa limeivamia Kuwait mwezi wa Agosti, na vikosi vya Waingereza vilivyokuwa Ujerumani vikaamriwa kwenda Saudia. Karibu kila mtoto katika darasa lile alikuwa na baba aliyekwenda. Watoto waliwaandikia baba zao barua za karatasi nyembamba ya buluu, ambazo jeshi lilizipeleka bila kulipiwa stempu, na mwalimu akawasaidia tahajia. Mwezi wa Januari 1991 vita vikaanza. Usiku watoto waliviona katika televisheni, na asubuhi wakaja shuleni macho mekundu.

Tulimwuliza, "Mama, mliwaambia nini?" Akatujibu, "Sikuwa na habari kuliko wao. Nilikuwa na hesabu." Kila siku saa tatu asubuhi aliita majina, wakasali, wakafanya hesabu, wakaimba. Siku moja yule mvulana akasimama mbele ya wenzake wote akauliza, "Mwalimu, baba yangu atarudi?" Darasa likanyamaza kimya. Mama akasema, "Sijui, mwanangu. Ninalolijua ni kwamba leo mimi nipo hapa, na kesho saa tatu, nikijaliwa, nitakuwa hapa."

Baba yake alirudi. Vita vile vilikwisha mwisho wa Februari, na watoto wa darasa lile wakawapokea baba zao. Wakati wa likizo kubwa mvulana akahama na wazazi wake. Siku ya kuaga alichukua koti lake, kisha akabandua ile karatasi yenye jina lake, akaikunja, akaitia mfukoni. Mama yule hakupata habari zake tena hata siku tuliyozungumza naye.

Labda mmoja wenu atauliza, "Je, Mkristo afanya nini katika kambi ya jeshi? Kazi ya jeshi si vita?" Ni swali la haki, na Wakristo wamelijadili tangu zamani. Sisi tulimwuliza mama yule. Alituambia, "Kiapo aliapa baba. Mtoto hakuapa kitu." Petro naye angeweza kukataa. Alikuwa na sababu nyingi kuliko zetu: huyu ni mgeni, ni Mrumi, ni mwenye upanga. Lakini Mungu alimwambia aende, akaenda kutoka Yafa hadi Kaisaria, mwendo wa kama kilometa 50. Alipofika akakuta nyumba imejaa watu waliokuwa wakimngoja. Akawafundisha, wakabatizwa, nao wakamwomba akae siku chache.

Siku chache tu! Baadaye Petro akarudi Yerusalemu. Akina Kornelio walikwenda wapi? Hatuambiwi. Walimu wa nyumba za askari, tangu Petro, hupewa siku chache, kisha mlango hufungwa. Hata hivyo Mungu hakuona siku hizo kuwa hasara.

Ndugu wapenzi, tulipokuwa tukimsikiliza mama yule, chai yetu ilipoa kikombeni, kwa maana tulikumbuka kosa letu wenyewe. Kabla ya kwenda masomoni tulikuwa tukitumika katika kanisa lililo karibu na kambi ya jeshi, hapa hapa kwetu. Binti mmoja wa miaka kumi na minne, mtoto wa askari, alikuja kuomba kuandikwa katika darasa la kipaimara. Mwinjilisti akatuuliza, "Tumwandike? Hawa huhamishwa wakati wowote." Tukasema, "Tungoje kwanza tuone kama watakaa." Tulijiona wenye busara. Tuliwaza juu ya daftari letu na hesabu ya wale watakaoletwa mbele ya Askofu. Tukangoja miezi mitatu. Kabla ya Krismasi, baba yake akapata uhamisho.

Binti alikuja kutuaga, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Hakulalamika. Alisema hivi: "Mchungaji, mngenifundisha hata kidogo tu, ningekwenda nacho."

Maneno hayo hatujayasahau. Tulidhani mtoto atakayeondoka hafai kuanzishiwa kitu. Kumbe mtoto atakayeondoka ndiye asiyeweza kungojeshwa. Mwenyeji anaweza kufundishwa mwaka ujao. Mpitaji ana leo tu.

Na hapa kwetu wapitaji ni wengi. Tangu jeshi la Kenya lilipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, watoto wengi wa nchi yetu wamejifunza kungoja kama walivyongoja wale wa Ujerumani, na wengine baba zao hawakurudi. Wako pia watoto wa polisi, wa walimu wanaohamishwa, na wa wafanyakazi wa mashamba makubwa. Huja kanisani kwetu, wakaketi kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, wala hawavui koti. Nasi twasema, "Hawa si wetu, watakwenda." Ndugu, nani kati yetu hatakwenda? Sisi sote tu wasafiri hapa, na Bwana hajatungojesha mpaka aone kama tutakaa.

Basi juma hili tunawaomba jambo moja dogo. Ninyi walimu wa Shule ya Jumapili, mwandikeni mtoto mgeni jina lake siku ile ile anayofika. Ninyi akina mama na akina baba, mkimwona mtoto ambaye mzazi wake yuko mbali kwa kazi ya hatari, msimdanganye kwamba mnajua yatakayotokea. Mwambieni mtakuwapo Jumapili ijayo, kisha mwepo. Nanyi waalimu mliopelekwa mbali na kwenu, mkifundisha watoto ambao hamtawaona wakiwa watu wazima, msihesabu miaka yenu kuwa imepotea. Mtoto hukunja jina lake mfukoni, akaenda nalo.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemtuma mtumishi wako Petro kwenye nyumba ya askari katika nchi ya ugeni, twakushukuru kwa ajili ya waalimu wote wanaofundisha watoto wa safari. Uwalinde watoto ambao leo wanawangoja wazazi wao. Uwafariji wale ambao wazazi wao hawatarudi. Utusamehe sisi tuliowangojesha wadogo wako mlangoni. Utufundishe kuitumia leo, kwa maana ndiyo uliyotupa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.