DAWA YA ASUBUI
Mazungumzo na mama wa kliniki juu ya saa ya kunywa prednizoni



Leo tutasema juu ya dawa moja tu, tena juu ya jambo moja tu la dawa hiyo: saa ya kuikunywa. Pengine mtasema: "Saa ni shauri dogo. Mtoto akimeza vinini vyake vyote, si vimefika tumboni?" Miye vilevile niliwaza hivyo zamani. Sikilizeni kwanza jambo lililonifundisha.

Nilipokuwa muuguzi kijana, mama mmoja alileta mtoto wake wa miaka sita. Kila asubui uso wa mtoto ulivimba hata macho hayakufunguka vema. Miguu ilivimba pia, na mkojo ulikuwa na povu kama maji ya sabuni. Ulikuwa ugonjwa wa figo. Munganga aliandika prednizoni, miligramu 40 kila siku, maana yake vinini 8 vya miligramu 5. Miye nilihesabu vinini, nikavifunga katika karatasi, nikamwambia mama: "Vinane kila siku, usisahau hata siku moja." Akaitika, akaenda. Saa ya dawa sikumwambia, wala yeye hakuniuliza.

Kule nyumbani alitazama vinini vinane mkononi, akaogopa. Kiisha aliniambia: "Miye niliona ni mingi sana kwa mutoto mudogo. Nikagawanya." Aligawanya hivi: viwili asubui mbele ya kwenda shamba, viwili akirudi, na vinne usiku. Kwa nini vinne usiku? Sababu usiku ndipo chakula kinakuwa kingi nyumbani. Mama huyu hakuwa mjinga. Alifikiri vizuri kwa yale aliyoyajua.

Uvimbe ulipunguka. Lakini usiku mtoto hakulala. Aliruka-ruka kitandani, akalia, akacheka, akaomba chakula katikati ya usiku. Jirani wakaanza kunong'ona ya kwamba kuna mtu anayemsumbua mtoto huyu usiku. Baba akasema: "Ni dawa inamuletea wazimu. Tupa." Lilikuwa juma la tano. Wakatupa vyote siku moja.

Siku chache nyuma yake homa ikampata mtoto, homa kama ile inayowapata watoto wetu wote. Lakini huyu alitapika, akalegea kama kitambaa kilicholowa, asiweze kusimama. Walimleta mgongoni. Munganga aliuliza neno moja: "Vinini vyake viko wapi?" Aliposikia vimetupwa, alimpiga mtoto upesi sindano ya dawa ya jamii ile ile, akamtia maji ya sukari na chumvi katika mshipa. Mtoto akapona.

Mama alilia, akaniambia: "Kidogo nimuue mutoto wangu." Lakini miye nilijua kosa ni la nani. Yeye alifuata neno langu, vinane kila siku. Ni miye niliyesahau kumwambia saa gani, na kumwambia asiache kwa ghafula.

MWILI UNA SAA YAKE

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia kichwani. Tezi hizi mbili zinatengeneza kitu cha nguvu ambacho waganga wanakiita kortizoli. Kortizoli inasaidia sukari ya damu isishuke, damu isipoteze nguvu yake katika mishipa, na mwili usimame imara wakati wa homa ao kidonda.

Kortizoli haitoki sawasawa mchana na usiku. Karibu na usiku wa manane ni kidogo sana. Mbele ya mapambazuko inaanza kupanda. Tangu saa kumi na mbili mpaka saa mbili ya asubui imejaa. Kiisha inashuka polepole mpaka jioni, na ndipo mtu anaona usingizi.

Fikirini mama wa nyumba. Yeye anaamka wa kwanza, anapuliza moto, na watu wote wanapata nguvu ya kuanza siku. Jioni anapumzika. Tezi ni kama mama huyo.

Sasa prednizoni ni ndugu ya kortizoli, lakini imetengenezwa na watu, na nguvu yake inapita ya kortizoli mara nne hivi. Mtoto akiimeza asubui, inafika wakati mwili unangojea nguvu, na tezi imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake ya siku. Akiimeza usiku, mwili unadanganyika, unazani kumekucha. Ndiyo sababu mtoto halali. Tena tezi inaona: "Kumbe moto umekwisha kuwashwa na mwingine." Alfajiri haiamki. Ikifanyiwa hivyo kila usiku, inazoea kulala, na usingizi wake unakuwa mzito zaidi.

Hata dawa ya asubui, ikidumu majuma mengi, inailaza tezi. Lakini dawa ya usiku inailaza zaidi.

NAMNA YA KUMPA MTOTO DAWA

1. Mpe asubui, mara moja, mbele ya saa tatu. Usiogope wingi wa vinini. Munganga alipima kilo za mtoto na kuhesabu. Vinini vinane vya asubui na vinini vinane vilivyogawanywa ni dawa ile ile. Kama huna saa nyumbani, mpe mara moto wa kwanza unapowashwa. Kama munganga ameandika mara mbili kwa siku, ya pili iwe saa sita ao saa nane ya mchana, isiwe jioni. Na kama ameandika saa nyingine kabisa, fuata neno lake, lakini mwombe akueleze sababu.

2. Mpe pamoja na chakula. Dawa hii inaweza kuchoma tumbo. Ninajua nyumba nyingi hazipiki asubui. Basi jioni, mbele ya kugawa chakula, weka pembeni sehemu ya mgonjwa: kiazi kitamu, kipande cha muhogo, ndizi, ao uji kidogo wa kupasha. Funika vizuri. Sehemu hiyo ni ya dawa, mtu mwingine asiiguse.

3. Ukisahau asubui na ukakumbuka mchana, mpe palepale. Ukikumbuka usiku, acha. Kesho asubui mpe kipimo cha siku moja tu. Usimpe vya siku mbili pamoja.

4. Pengine munganga atasema: siku moja dawa, siku moja kupumzika. Hii ni kusaidia tezi ianze kuamka. Hapa mama wengi wanapotea, sababu juma lina siku 7. Ukianza siku ya kwanza, juma hili atakunywa siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Juma linalofuata ni ya pili, ya nne na ya sita. Usitegemee siku ya soko. Chora alama ya kaa ukutani kila asubui: msalaba kwa siku ya dawa, duara kwa siku ya kupumzika. Ukisahau siku ya dawa nzima, mpe kesho yake asubui, kiisha apumzike siku moja, mwendelee hivyo.

5. Usiache kwa ghafula. Mtu aliyekunywa dawa hii kupita majuma matatu, tezi zake zimelala. Dawa ikikatwa siku moja, moto hauna mtu wa kuuwasha. Munganga atapunguza kidogo kidogo, na tezi zitaamka polepole. Vinini vikibaki vya siku tano, usingoje viishe. Njoo kuchukua vingine. Kama baba ao bibi ya mtoto anasema dawa itupwe, usibishane naye. Mlete hapa, tuzungumze naye.

WAKATI AMBAPO SAA HAINGOJEWI

Nisikieni vizuri hapa, mtu asije akafa akingojea asubui.

Saa ya asubui ni kwa dawa ya kila siku. Mgonjwa wa hatari hangojei jua. Mtoto wa pumu akikosa pumuzi usiku, njoo usiku. Tutampa dawa saa ile ile. Mama akishikwa na uchungu mbele ya miezi kutimia, munganga anaweza kuagiza sindano za deksametazoni ili mapafu ya mtoto yakomae: sindano nne, kila saa 12 moja. Basi nyingine zitaangukia usiku. Usimkataze muuguzi ukisema, "Tulifundishwa ni ya asubui."

Vilevile mtoto anayekunywa prednizoni njoo naye siku ile ile, mchana ao usiku, kama:
– ana homa;
– anatapika vinini vyake;
– amelegea, ama anaona kizunguzungu akisimama;
– mavi yake ni meusi kama makaa, ao tumbo linamuuma sana;
– amekaa karibu na mtoto wa surua ao wa tetekuwanga.

Dawa hii inapunguza ulinzi wa mwili, na pengine ugonjwa mkubwa unajificha nyuma ya homa ndogo. Kwa hiyo, mbele ya chanjo yoyote, mwambie muuguzi kwamba mtoto anakunywa prednizoni. Na mbele ya kuianza, sema kama mtoto ana minyoo ao kama kuna mtu wa kifua kikuu nyumbani.

MASHAVU YA DAWA

Mtoto atakuwa na njaa nyingi, na mashavu yatakuwa duara. Jirani watasema, "Aa, amenona!" Si kunona kwa afya. Ni dawa. Kipimo kikipunguzwa, mashavu yatarudi polepole. Mpunguzie chumvi, umpe sombe, maharagi na matunda, wala si sukari nyingi.

Hapa nitasema neno la mama wenyewe. Kuna wanawake wanaonunua sokoni vinini vya deksametazoni ili wanenepe. Deksametazoni ni ndugu ya prednizoni, tena nguvu yake inapita sana ile ya prednizoni. Inaleta mashavu, lakini inalaza tezi, inapandisha sukari ya damu na presha, inadhoofisha mifupa. Kama kuna mmoja kati yenu ameikunywa siku nyingi, nakuomba, usiitupe leo kwa haya. Njoo uniambie pembeni. Sitakucheka. Tutafanya shauri na munganga namna ya kuiacha bila hatari.

MWISHO

Dawa za jamii hii si adui. Tangu mwaka 1948, waganga wa Marekani walipompa mgonjwa wa viungo kortizoni kwa mara ya kwanza na kumwona anatembea tena, zimesaidia watu wengi sana. Mtoto wangu yule wa figo alirudishiwa vinini vyake vinane. Safari hii vyote vilikuwa vya asubui, pamoja na kiazi kilichofunikwa jioni. Nyuma ya siku chache mama alikuja kliniki, akacheka: "Sasa analala. Hata miye nalala." Dawa ilipunguzwa polepole mpaka ikaisha, bila kuanguka tena.

Tangu siku ile, kule shule ya wauguzi, mwanafunzi wangu akimpa mama dawa bila kutaja saa, ninamrudisha nyuma aanze tena. Na ninyi mama mtusaidie. Sisi pia tunachoka, tunasahau. Mkipokea dawa yoyote mkononi, msitoke mlangoni mbele ya kuuliza: "Saa gani? Pamoja na nini? Mpaka siku gani?"

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini mtoto halali akikunywa prednizoni usiku?
2. Ukikumbuka dawa usiku, utafanya nini?
3. Jioni utaweka nini pembeni kwa ajili ya dawa ya asubui?
4. Baba akisema "Tupa dawa leo", utamjibu nini?
5. Mtoto wa prednizoni ana homa usiku. Utangoja asubui?