Andika Ulichoona

Somo: Danieli 1:8-16



Tangu mtaala wa umilisi uanze mashuleni mwaka 2019, wazazi wengi wananung'unika juu ya kazi za sayansi ambazo watoto huleta nyumbani. Wengine huzifanya wenyewe usiku, na asubuhi mtoto hubeba kazi ya baba.

Mimi nilifanya kosa baya zaidi. Binti yangu wa gredi ya tano alipanda maharagwe katika mikebe miwili. Mmoja aliuweka dirishani, wa pili kabatini gizani. Kila siku alimwagilia maji na kupima kwa rula. Siku ya kumi akaniletea daftari: mmea wa gizani ulikuwa mrefu kuliko wa dirishani. Nikamwambia, "Umekosea. Mmea haustawi bila mwanga. Badilisha hizo nambari, usije ukachekwa." Akainamisha kichwa, akasema, "Lakini baba, ndivyo nilivyoona."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi nihubiriye kweli mimbarani nilikuwa nikimfundisha mwanangu uongo! Tukafungua kabati pamoja. Mmea ulikuwa mrefu kweli, lakini mwembamba, wa manjano, umelegea. Baadaye mwalimu wake alitueleza kwamba mche uliokosa mwanga hutumia chakula kilichomo katika mbegu kurefuka upesi, ili uufikie mwanga. Chakula kikiisha, hufa. Mtoto alikuwa ameandika kweli.

Danieli na wenzake nao waliomba wajaribiwe siku kumi, kwa mboga na maji. Msimamizi aliwapa siku zao, kisha akazitazama nyuso zao, akakubali alichokiona.

Mzazi mwenzangu, fanya vivyo hivyo. Mpe mtoto pembe ya nyumba, mkebe mtupu, na muda. Usimfanyie kazi, muulize, "Leo umeona nini?" Jaribio likienda kinyume, aandike hivyo hivyo, na aulize kwa nini. Mtoto anayezoea kusema kweli juu ya maharagwe, kesho atasema kweli juu ya fedha za watu.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe subira na watoto wetu, wala tusiwafundishe uongo kwa kuogopa aibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.